Pepa za Zamani Hazifundishi Kusoma

Ingia darasa lolote la kidato cha nne mwezi wa Agosti, moko ikiwa imeshapita, utakuta somo la Kiingereza limegeuka kuwa karatasi. Kila wiki kuna kifungu kipya cha habari, kimerudufiwa kutoka pepa za miaka ya nyuma, za mikoa jirani, za seminari, za tuisheni ya mtaa wa pili. Wanafunzi wanakifanya, kinasahihishwa, wanapewa kingine. Pamoja na karatasi hizo huja mbinu, ambazo mwanafunzi wa darasa la mtihani atakutajia hata ukimwamsha usiku wa manane: soma maswali kabla ya kifungu; chukua neno kuu la swali ulitafute kwenye kifungu; ukiliona, jibu limo kwenye sentensi hiyo au inayofuata; usiache swali wazi.

Hiyo ndiyo imani iliyotawala mashuleni kwetu, kwamba ufahamu wa Kiingereza katika mwaka wa mwisho hujengwa kwa wingi wa pepa. Walimu wanaiamini. Wazazi wanaochangia hela ya makambi wanaiamini. Maafisa elimu nao wanataka kila shule iseme imefanya majaribio mangapi kabla ya Novemba. Mimi naipinga, na naipinga hasa kwa sababu wanaoumizwa nayo ni wale wale inaodai kuwaokoa: watoto wa shule za kata, waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza cha kufundishiwa siku ya kwanza ya kidato cha kwanza.

Tuanze na jaribio dogo. Soma sentensi hii: Mchevuli aliyapwerusha mabwesi yote kabla vunzo halijaingia, kwa kuwa yalikuwa yameshajunga. Sasa jibu maswali. Nani aliyapwerusha mabwesi? Mchevuli. Aliyapwerusha lini? Kabla vunzo halijaingia. Kwa nini? Kwa kuwa yalikuwa yameshajunga. Umepata tatu kwa tatu, hongera sana. Ila mchevuli hayupo, mabwesi hayapo, na hakuna mtu duniani aliyewahi kupwerusha kitu. Majina yote na vitenzi karibu vyote nimevizua sasa hivi. Kilichokupa maksi ni mpangilio wa maneno, na mpangilio huo unaufahamu bila kuelewa chochote kilichosemwa.

Kijana wetu anafanya vivyo hivyo kwa Kiingereza, tena kwa shida zaidi, maana hata mpangilio haujui vizuri. Chukua kifungu cha aina ya vile vinavyozunguka mashuleni. Kinasimulia kijiji kilichoacha kuchota maji kwenye kisima cha zamani. Aya ya pili inaeleza kwamba baada ya mvua wazee waliwakuta ng'ombe wawili wamekufa kando ya maji. Aya ya nne inasema tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda tena kisimani. Swali linauliza kwa nini wanakijiji walikiacha kisima. Aliyefunzwa mbinu analisaka neno kisima, analikuta aya ya nne, anainakili sentensi yote kwa mwandiko mzuri: tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda tena kisimani. Ameulizwa sababu, ametoa tukio. Mwalimu anapiga mkasi, anaandika jibu sahihi ubaoni, kijana analinakili nalo, kisha anapewa kifungu kingine kinachohusu nyuki. Ng'ombe wawili wale hakuwaona kabisa. Aya ya pili haikuwa na neno lake.

Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na nyaraka hizo ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Kwenye ufahamu wa Kiingereza lawama kwa waliofanya vibaya haibadiliki sana mwaka hata mwaka: hawakuelewa swali linataka nini, msamiati wao ulikuwa mdogo, wamenakili sentensi za kifungu zisizohusiana na swali. Shule nyingi zikisoma maneno hayo huagiza pepa zaidi. Hakuna anayesimama kuuliza huyu mtoto alijifunzia wapi kunakili. Alijifunzia darasani, kwenye kipindi cha mazoezi ya ufahamu, na alipofanikiwa alipigiwa makofi.

Najua wenzangu walimu watanirukia hapa. Watasema mtihani una sura yake na mtoto asiyeizoea atababaika. Kweli kabisa. Mwanafunzi anapaswa kujua kifungu kitakaa wapi, maswali yanaulizwaje, ufupisho unatakiwa uwe na maneno mangapi, dakika ngapi azitumie hapo kabla ya kuhamia sehemu nyingine. Hayo ni maarifa halali. Lakini ni maarifa ya wiki mbili. Ukishafanya vifungu vitatu au vinne ukiwa na saa mkononi, sura ya mtihani umeshaijua, na kifungu cha arobaini hakitakuonyesha sura mpya. Kinachobaki baada ya hapo ni Kiingereza chenyewe, na hicho pepa haikupi.

Tupige hesabu. Tuseme shule ina bidii ya ajabu na inafanya vifungu vitatu kila wiki kwa wiki 15 za mwisho. Hivyo ni vifungu 45. Kila kimoja tukikipa maneno 300, kijana wetu atakuwa amesoma maneno 13,500. Ukurasa wa riwaya ya kawaida una kama maneno 300. Kwa hiyo zile pilikapilika zote, prepo za usiku, Jumamosi zilizokwenda na makambi, zimemsomesha kurasa 45. Hajafika hata katikati ya kitabu chembamba. Halafu tunashangaa kwa nini anasoma polepole.

Na si uchache tu. Kifungu cha Jumatatu kinahusu nyuki, cha Jumatano malaria, cha Ijumaa historia ya mpira wa miguu. Neno geni alilokutana nalo Jumatatu halimrudii tena. Amelitafuta kwenye kamusi, ameliandika pembeni, limekwenda zake. Msamiati haukai kichwani kwa kukutana na neno mara moja. Unakaa kwa kulikuta neno lile lile tena na tena, kila mara katika hali tofauti kidogo, mpaka linaacha kuwa geni. Riwaya hufanya kazi hiyo bila kumwomba msomaji ruhusa. Neno la mahari, la kesi, la kulia au la kudanganya litarudi sura baada ya sura, kwa sababu watu wa hadithi ni wale wale na taabu zao ni zile zile.

Msamiati ndio fundo la jambo lote. Mwaka 2000 watafiti wawili, Marcella Hu na Paul Nation, walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu wa Kiingereza angepaswa kulijua. Waliwapa wanafunzi wa lugha hiyo hadithi moja, ila kila kundi lilipewa kiwango chake cha maneno yasiyojulikana. Pale msomaji alipojua maneno 80 kati ya 100, hakuna hata mmoja aliyeielewa vya kutosha. Alipojua 95, wachache waliiweza na wengi hawakuiweza. Ili mtu asome peke yake bila msaada, walikadiria anahitaji kujua kama maneno 98 katika kila 100. Irudishe hesabu hiyo kwenye kifungu chetu cha maneno 300: maneno sita asiyoyajua anaweza kuyavuka, 15 yanamkwamisha. Sasa mpe kijana asiyejua maneno 60 mbinu yoyote unayoitaka, apige mistari, asome maswali kwanza, asome maswali mwisho. Kuna mbinu gani itakayojaza mashimo 60 ndani ya dakika 20?

Kwamba kusoma kwa wingi ndiko kunakoyajaza si dhana yangu. Mwaka 1980 na 1981 Warwick Elley na Francis Mangubhai walijaza vitabu katika shule za vijijini za Fiji, ambako Kiingereza, kama kwetu, si lugha ya nyumbani. Madarasa yaliyochaguliwa yalipewa vitabu vya hadithi 250 vya Kiingereza na watoto wakaachwa wasome, wenyewe au pamoja na mwalimu wao. Madarasa mengine yaliendelea na mazoezi ya kawaida ya lugha. Baada ya miezi minane waliosoma hadithi walikuwa wamepiga hatua karibu mara mbili ya wenzao katika kusoma, na mwaka wa pili faida ikaenea hadi kwenye kuandika. Utaniambia wale walikuwa watoto wadogo wa shule ya msingi. Ndiyo. Kijana wa miaka 17 anayesoma Kiingereza kwa kiwango chao ana haja zaidi ya hadithi, si pungufu. Na miezi minane ni Januari hadi Agosti.

Hapa ndipo linapokuja jambo linaloniudhi kuliko yote. Vitabu vya kusoma hatuhitaji kuvibuni, maana muhtasari wa somo la Kiingereza umevitaja miaka nenda miaka rudi. Kidato cha pili wana Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala. Kidato cha tatu na cha nne wana Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala, Unanswered Cries cha Osman Conteh wa Sierra Leone, Weep Not, Child cha Ngũgĩ wa Thiong'o, na tamthilia kadhaa. Pepa ile ile yenye kifungu cha ufahamu ina swali la fasihi linalotaka mtahiniwa ajadili vitabu hivyo. Yaani serikali imeweka ndani ya somo hilo hilo mamia ya kurasa za Kiingereza kizuri, zenye watu na visa vinavyomgusa kijana wa Kiafrika, na sisi tumezitupa.

Tumezitupa vipi? Kwa vitini. Mwalimu anaandika ubaoni: mwandishi, mandhari, wahusika, dhamira, ujumbe. Wanafunzi wananakili. Waliokosa kipindi wananunua kijitabu cha uchambuzi, wanakariri hoja sita, wanaziandika Novemba. Muulize kijana kama huyo kitabu cha Conteh kinahusu nini, atakujibu bila kusita: ukeketaji, mila potofu, nafasi ya mwanamke. Muulize ni nini kilichompeleka Olabisi, msichana wa kitabuni anayeishi mjini kwa baba yake, huko Luniya alikokuwa mama yake, na alipofika huko alianza kuhisi lini kwamba kuna jambo linapangwa nyuma yake. Atakutazama tu. Hajui kwamba Olabisi ni msichana wa umri unaokaribiana na wake aliyeingia katika mtego akiwa macho. Angekijua kisa kile, angekesha nacho.

Kwa hiyo shule ile ile, wiki ile ile, inamnyima mtoto riwaya kwenye kipindi cha fasihi kwa kisingizio cha muda, kisha inampa vifungu vya maneno 300 kwenye kipindi cha ufahamu kwa sababu hajui kusoma. Mazoezi ya ufahamu ni riwaya ile. Kila sura ina mamia ya maswali yasiyo na neno la kusaka: kwa nini huyu alinyamaza, nani anadanganya hapa, mama angejua asingefanya nini. Ukimaliza sura na mwenzako mkabishana kuhusu hayo, mmefanya kile ambacho kifungu cha mtihani hujaribu kukipima kwa dakika chache.

Upande mwingine wa ufahamu unahusu mambo ambayo hata hayaitwi Kiingereza. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie wa Marekani waliwapa vijana wa shule habari ya mchezo wa besiboli waisome, kisha waioneshe kwa vijisanamu juu ya kiwanja cha mfano. Walioujua mchezo waliielewa habari hata kama walikuwa wasomaji dhaifu, na wasomaji hodari wasioujua mchezo waliachwa nyuma. Anayejua jambo husoma habari zake kwa wepesi. Maana yake kwetu ni kwamba mwalimu wa Jiografia anayewaelewesha watoto mmomonyoko wa udongo, au wa Baiolojia anayewaelewesha mbu na vimelea vyake, anawaandaa vizuri zaidi kwa kifungu cha Novemba kuliko karatasi kumi za mbinu.

Na kuelewesha huko, tusidanganyane, hufanyika kwa Kiswahili. Kila aliyekaa nyuma ya darasa la shule ya kata amesikia mwalimu akisoma fasili kwa Kiingereza, kisha akishusha sauti na kusema, "Yaani hivi." Hapo ndipo kalamu zinaposimama na vichwa vinainuka. Lakini ukutani kuna bango la kuonya kwamba Kiingereza pekee ndicho kinachoruhusiwa, na anayekamatwa akiongea Kiswahili hufagia uwanja. Matokeo ya bango hilo katika kipindi cha ufahamu ni ukimya. Mtoto aliyemwelewa nusu Olabisi hathubutu kusema alichokielewa, kwa sababu maneno ya Kiingereza ya kukisemea hana, na ya Kiswahili anayo lakini ni haramu. Wasome kwa Kiingereza, wabishane kwa Kiswahili, waandike kwa Kiingereza. Wazo lililosomwa haliharibiki kwa kujadiliwa kwa lugha ya mama au ya jirani. Mtafiti Jim Cummins amekuwa akilieleza hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kwamba uwezo wa kusoma na kufikiri uliojengwa katika lugha moja huwa mtaji katika nyingine.

Mjadala huu si mgeni nchini. Mwaka 1984 watafiti Clive Criper na William Dodd walikuja kupima Kiingereza cha wanafunzi wetu, na walichokikuta ni kwamba wengi wa sekondari hawakuwa na lugha ya kutosha kufuata masomo yao. Kiingereza kilibaki kuwa lugha ya kufundishia licha ya hayo, uamuzi ambao mimi siupendi, lakini leo sibishani nao. Ninachokumbusha ni kilichofuata. Mradi uliofadhiliwa na Uingereza ili kukiinua Kiingereza hicho uliingiza mashuleni vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi, vya kusomwa kwa wingi. Wenye lugha yao, walipotakiwa kuiokoa, walileta hadithi. Sisi tumerithi shida ile ile na dawa yetu ni mashine ya fotokopi.

Watanipinga kwa mfano wa shule zinazoongoza. Seminari fulani hufanya pepa kila Jumamosi na watoto wake wote wanapata divisheni wani. Kwa nini tusiige? Kwa sababu tunaiga kisichohusika. Wengi wa wale walioingia huko walichujwa kwa usaili, sehemu yao wametoka shule za msingi za Kiingereza, wana maktaba iliyo wazi, na wamekuwa wakisoma tangu utotoni. Pepa ya Jumamosi inamkuta mtoto anayejua kusoma, inamnoa. Kuipeleka pepa hiyo kwa asiyejua kusoma ni kunoa mpini usio na panga.

Pingamizi zito kuliko hilo ni la vitabu, na hili nalikubali nusu. Shule nyingi zina nakala tano za riwaya moja, tena ziko kwenye kabati lenye kufuli, na mwenye ufunguo anaogopa kuzitoa zisipotee. Kwanza, kitabu kilichofungiwa kabatini kimeshapotea. Pili, tuangalie hela. Tuseme ukurasa mmoja wa fotokopi ni shilingi 100. Vifungu 45 kwa mwanafunzi mmoja ni shilingi 4,500, na kwa darasa la wanafunzi 70 ni 315,000. Riwaya ikiuzwa shilingi 10,000, hela hiyo inanunua nakala 31. Ni kitabu kimoja kwa wanafunzi wawili au watatu, na mwakani bado kipo, wakati karatasi zile zitakuwa zimefungia maandazi. Pasipo na hata hizo 31, mwalimu mwenye sauti na nakala moja anaweza kusoma sura nzima mbele ya darasa kwa dakika 25 na asilale mtu. Kwa wale ambao Ngũgĩ ni mlima kwao, warudi kwa Hawa wa kidato cha pili, wamsome mpaka mwisho bila kuchekwa. Bora kitabu chepesi kilichomalizika kuliko kigumu kilichokaririwa dhamira.

Mpango ninaoupendekeza hauhitaji waraka kutoka wizarani. Januari hadi Agosti, vipindi viwili vya Kiingereza kila wiki viwe vya kusoma vitabu vya muhtasari kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na prepo moja iwe ya kimya, kila mtu na kitabu chake au cha kushirikiana. Septemba ifanywe fasihi ya mtihani, ambayo sasa itakuwa rahisi kwa sababu watu wa hadithi wanajulikana. Oktoba zije pepa za zamani, chache, kwa saa, na kila jibu lililonakiliwa bila kufikiri lirudishwe kwa mwenyewe alieleze kwa mdomo.

Kuna walimu wa taaluma watakaoniuliza swali ambalo nadhani ndilo lililoilinda imani hii miaka yote: na kumbukumbu je? Rundo la vifungu vilivyosahihishwa linaonekana, lina maksi, lina tarehe, unaweza kulipiga picha ukaituma kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa shule. Darasa lililokaa kimya likisoma riwaya linaonekana kama darasa lisilo na mwalimu. Basi kila mwanafunzi awe na daftari moja, na kila akimaliza sura aandike mistari mitano ya Kiingereza chake mwenyewe, kibovu kiwe kibovu: nini kimetokea, na anadhani kitafuata nini. Wathibiti ubora wakija, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi, wapewe madaftari hayo na kitabu. Wafungue ukurasa wowote, wamsimamishe mtoto yeyote, wamuulize kwa nini huyu aliyetajwa hapa amekasirika. Akishindwa kujibu, nitarudisha pepa zote nilizozipinga.